Kalamu ya Kuandikia

Ijumaa ile ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilisha kombi, yaani tahasusi ya masomo ya kidato cha tano, na mwalimu mwenye paswedi alikuwa msibani Kyerwa, simu imezimwa. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani tuliingia chumba cha kompyuta kwa ajili ya muziki. Wengine waliingia kwa ajili ya muziki. Sisi wawili tuliingia kwa sababu mmoja wetu alikuwa anapoteza maisha aliyoyataka, na zilikuwa zimebaki saa chache.

Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne, tunasoma masomo ya maandalizi ya kidato cha tano kwenye shule ya bweni ya watu binafsi upande wa Nyakasimbi. Matokeo yalipotoka, serikali ilifungua mfumo wake mtandaoni ili kila mhitimu arekebishe machaguo yake ya masomo. Baba yangu, mwenye duka la vitambaa Kayanga, alinifanyia yangu siku ya pili tu, kwenye steshenari ya jirani yake. Alinijazia Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani PCB, kwa sababu mtoto mwenye PCB alipendeza kutajwa dukani. Mimi mwenyewe sikuwa na hamu nayo hata kidogo.

Mwenye hamu alikuwa msichana wa kitanda cha chini yangu. Kwao ni wafugaji, mbele ya Songambele, mahali ambapo mtu akitaka mtandao anapanda kichuguu. Alisoma shule ya kata ambayo kwa miaka miwili haikuwa na mwalimu wa Fizikia, na siku ya kujaza fomu waliambiwa wote waandike HGK: Historia, Jiografia na Kiswahili, basi, wasijisumbue. Halafu matokeo yakaja na B ya Kemia, B ya Baiolojia na C ya Fizikia aliyoisoma kwenye daftari la kuazima. Alitaka kuwa daktari wa mifugo. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, iliwahi kuwaulia ndama tisa msimu mmoja, na bwana mifugo alifika siku ya kuchuna ngozi. Kwa HGK hawezi kumtibu hata mbuzi.

Wiki nzima alikuwa anakwenda ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Ijumaa asubuhi nilimsindikiza.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Orodha ninayo. Mwalimu wa kompyuta akirudi atawafanyia wote."

"Mwisho ni reo, mwalimu."

"Serikali huwa inaongeza siku. Nenda darasani."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa simu yake hakutaka, kwamba akimsaidia mmoja watapanga foleni wote. Ruhusa ya kutoka hakutoa bila mzazi kuja mwenyewe. Simu zetu zilikuwa zimekusanywa siku ya kufungua shule, na matroni alikuwa na simu ya kitochi isiyojua mtandao ni mdudu gani. Kilichobaki ni chumba cha kompyuta.

Chumba kile kilikuwa na mashine kumi na mbili, na makatazo mengi kuliko mashine. Wavulana walikuwa wameyachezea sana. Walificha filamu kwenye mafaili yenye majina kama "Mzunguko wa Damu", wakawa wanakaza macho mpaka wageni wa bodi wakawasifu. Mwalimu wa kompyuta alipoziba mtandao kwenye mashine zetu, walichomoa waya wa mashine yake na kuuchomeka kwenye yao. Kila alipoziba, walitoboa pengine. Mwishowe akahamishia mtandao wote kwenye kompyuta yake peke yake, akaitia paswedi, na akaiwekea sheria: ukikosea mara tatu inajifunga, haifunguliwi mpaka aje yeye. Kisha akaifunika kitambaa cha kufuma cha mezani, kama redio ya bibi harusi.

Lakini paswedi nilikuwa nayo. Jumatano, kabla hajaondoka, nilikuwa nadeki veranda nikamsikia akimwambia mwalimu wa Jiografia: "Ni karamu. Ile ya kuandikia. Herufi ndogo zote." Mwalimu wa Jiografia naye Alhamisi akapanda basi kwenda semina Bukoba. Nikabaki mimi na lile neno.

Hapa lazima nijieleze, hata kama inaniumbua. Babu yangu alitoka Tanga na biashara ya nguo, na nyumbani kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya kuamkia na kulalia. Bibi alikuwa akisikia mtu dukani anasema "nataka kurara" anacheka mpaka ushungi unamwanguka. Wenzangu wengi walizungumza Kinyambo kwao, na r na l kwao zilikuwa zinabadilishana viti zitakavyo. Mimi nikawa msahihishaji wa bweni. Mtu akisema "ugari", nasema "ugali" kabla hajameza. Waliniita Mswahili, nami nikalichukua kama cheo. Ulikuwa ujuaji mtupu, lakini wakati ule niliuona ni elimu.

Ijumaa mchana, baada ya chakula, ilikuwa zamu yetu ya usafi, kwa hiyo ufunguo tulipewa kihalali. Mwenzangu alifunga mlango kwa ndani akasimama na ufagio mkononi bila kufagia. Namba yake ya mtihani alikuwa ameiandika kwenye kiganja kwa wino, na jasho lilikuwa limeanza kuila. Nikaondoa kitambaa. Nikawasha. Mashine ikachukua muda wake wote.

Nikaandika: kalamu.

Ikakataa.

"Umeandikaje?" akauliza.

"Kalamu."

"Si ulisema arisema karamu?"

"Karamu ni sherehe. Ni pilau na ngoma. Amesema ya kuandikia, na ya kuandikia ni kalamu."

"Waitu, ndugu yangu, andika anavyosema yeye. Huku kwetu tunaandika tunavyosema."

Nakumbuka nilitabasamu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, nami nikamtabasamia. Nikamwambia mwalimu ana digrii, hawezi kuandika kama mchunga ng'ombe. Lilinitoka hivyo hivyo. Nikaandika tena kwa kidole kimoja, herufi moja moja, kwa imani kwamba nilikosea kubonyeza: kalamu.

Ikakataa. Limebaki jaribio moja, ikasema.

Akaja, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. "Niachie mimi hii ya mwisho," akasema. "Nisikirize. Ni yangu. Kombi ni yangu. Niachie."

Sikumwachia. Hadi leo nikifika hapa natamani kujizaba kibao. Niliuondoa mkono wake taratibu, kama mtu anayemwepusha mtoto na moto, nikamwambia walimu wote wanapenda kuongeza namba mwishoni, mimi nawajua. Nikaandika kalamu123.

Mashine ikajifunga.

Hakupiga kelele. Alifuta meza, akarudisha kitambaa, akakinyoosha pembe zote nne. Halafu akatoka mbio, nami nikamfuata hadi getini. Alimpigia mlinzi magoti. Alimwambia atakwenda Kayanga na kurudi kabla ya jua kuzama, akavua viatu vyake vya shule na kumwekea miguuni viwe dhamana. Mlinzi alikuwa mtu mzima, akatazama pembeni.

"Mwanangu, vaa viatu," akasema. "Na mimi nina watoto wanasubiri mshahara huu."

Alikaa pale peku mpaka kengele ya chakula cha jioni. Nilikaa naye. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini kila nilipofungua mdomo nilijikuta namwambia serikali huwa inaongeza siku. Nililisema mara nyingi mno. Mwaka ule hawakuongeza.

Jumatatu mwalimu wa kompyuta alirudi, bado ana vumbi la safari, akakuta mashine yake imefungwa. Zamu ya usafi iliandikwa ukutani, kwa hiyo kutupata hakukumpa kazi. Tulisimama mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kusema ni mimi, nilikuwa nimelala na hilo neno siku tatu. Mwenzangu akatangulia.

"Ni mimi, mwalimu."

Nikanyamaza.

Mwalimu akamuuliza alikuwa anatafuta nini. Akaeleza yote: HGK, PCB, wiki nzima ya ofisini, siku ya mwisho. Mwalimu akakaa chini. Hasira ikamtoka, akabaki mtu aliyetoka kuzika.

"Na paswedi mliipata wapi?"

"Tulisikia. Ni kalamu." Alilitamka vizuri, nilivyomfundisha.

"Sasa kama mlikuwa nayo, ilishindikana nini? Si ndiyo hiyo hiyo? Karamu."

Akavuta kibodi. Alishaifungua mashine, ilikuwa inasubiri neno tu. Nilikuwa nyuma ya bega lake. K. A. Kidole cha mkono wa kushoto kikapanda kwenye R. Ukurasa ukafunguka palepale, bila shida yoyote, na mwenzangu naye alikiona kile kidole. Nilijua amekiona kwa sababu aliacha kupumua, kisha akapumua.

Hakunigeukia. Aliomba mwalimu afungue mfumo wa machaguo, labda bado uko wazi. Mwalimu akafungua. Mwenzangu akamtajia namba yake kwa kichwa, kiganjani ilikuwa imeshafutika. Maandishi yakaja. Alisogea karibu, akakaza macho, lakini machozi yalikuwa yamejaa na hakuweza kuona kitu.

"Nisomee wewe," akaniambia. "Wewe ndiye unayejua kusoma vizuri."

Hakulisema kwa ubaya. Ningependa lingekuwa la ubaya.

Nikasoma. Muda wa kubadilisha machaguo umekwisha. Tahasusi ya mwombaji: Historia, Jiografia, Kiswahili. Nilisoma na jina lake lote, na la baba yake. Nilisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka.