Pombe Iliyofungwa Ingali Inasema

Nikiirudia adhuhuri ile, mwanangu, kinachonijia kwanza si mlio wa chupa. Ni ukimya. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa analia chumba cha ndani, kisha akanyamaza ghafla, na kati yangu na yeye kulikuwa na kreti za pombe zilizokuwa zikipasuka zenyewe, chupa baada ya chupa, bila mtu kuzigusa.

Nitakueleza tulivyofika hapo, na nitakwenda kwa utaratibu, maana hofu ukiisimulia ovyo watu huicheka.

Tulikuwa tunaishi Nsemulwa, mjini Mpanda, kwenye nyumba ya sebule moja na chumba kimoja. Mume wangu, Severini, alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja Mjerumani aliyekuja Mpanda kwa kazi ya visima. Yule Mjerumani alijitengenezea pombe ya ngano jikoni mwake, kama wanavyofanya kwao, na Severini akaijua kazi hiyo kwa kumsaidia. Ngano inalowekwa, inaoteshwa ndani ya gunia bichi mpaka itoe kimea, inaanikwa, inasagwa nusunusu. Inachanganywa na kimea cha shayiri na kulowekwa kwenye maji ya moto yasiyochemka. Maji yake matamu yanachujwa, ndipo yanachemshwa na maua fulani makavu, machungu karibu kama mwarobaini. Yakishapoa yanatiwa hamira ya pombe. Hiyo hamira ina mambo yake. Pombe inatoka na ukungu, inanukia ndizi mbivu na karafuu, wakati hakuna aliyetia ndizi wala karafuu. Mara ya kwanza kuionja nilidhani Severini ananitania.

Mjerumani alipomaliza kazi akaondoka, alimwachia Severini mabaki yake: mfuko wa shayiri, maua, hamira, pipa la plastiki lenye kimpira cha kutolea hewa kwenye kifuniko, na mashine ndogo ya mkono ya kubana vizibo. Neema, mtoto wetu huyo wa kwanza, alikuwa anakaribia kubatizwa. Severini akasema wageni watakunywa kitu ambacho Mpanda haijapata kukinywa. Ngano tukaagiza Sumbawanga. Chupa tupu tulipewa na Mzee Shabani, mwenye duka Majengo, ambaye pombe kwake ni haramu.

"Mimi nakupa chupa za soda," alimwambia Severini. "Utakachotia humo sikijui, na wala usije ukaniambia."

Sasa, mume wangu alikuwa na shangazi, Kolodina. Alivuka kutoka Burundi akiwa binti mdogo, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, na kwa pombe ya mtama hakuwa na mpinzani. Watu walitembea mbali kuja kukaa kwenye chungu chake. Lazima uijue desturi yao ili uelewe kilichotupata. Kwao pombe hunywewa ingali hai. Chungu kinawekwa katikati, watu wanakizunguka na mirija yao, na chungu chenyewe kinasema, chwi, chwi, chwi. Mgeni akipewa pombe iliyokwisha kunyamaza anajua amedharauliwa, na anaweza kuondoka bila kuaga.

Shangazi alikuja siku chache kabla ya ubatizo kutusaidia maandalizi. Alimkuta Severini amechutama mbele ya pipa, anatazama kile kimpira. Ncha yake ilikuwa imezamishwa kwenye kopo la maji, na mapovu yalikuwa yanatoka mfululizo.

"Unangoja nini hapo kama paka?" alimuuliza.

"Mjerumani alisema tungoje mapovu yakome ndipo tufunge kwenye chupa."

"Yatakoma lini?"

"Labda wiki ijayo, Shangazi."

"Na ubatizo ni Jumapili hii."

"Ndiyo hapo sasa."

Shangazi alipiga magoti, akaweka sikio ubavuni mwa pipa. Akasikiliza, uso wake ukakunjuka. "Mbona inasema vizuri kabisa! Ifungeni leo. Au unataka kuwapa wageni maiti wainywe?"

"Lakini Mjerumani..."

"Mjerumani, Mjerumani. Kwani ndiye aliyekuoa?"

Tulicheka mpaka Neema akaamka. Severini naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa kifupi kuliko vyetu. Nilikiona, sikumuuliza. Jioni hiyo pombe ikajazwa kwenye chupa na vizibo vikabanwa. Na kwa kuwa Mjerumani alikuwa akitia sukari kidogo kila chupa, Severini naye akatia. Alichokisahau ni kwamba Mjerumani aliitia sukari kwenye pombe iliyokwisha kutulia. Sisi tuliiongezea chakula pombe ambayo ilikuwa bado inakula.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwanangu, sisi la mkuu tulilisikia.

Kreti tulizipanga sebuleni, kando ya mlango wa chumba cha ndani, kwa sababu upande ule jua halikupiga. Lakini ulikuwa mwezi wa kumi, mvua bado, na unalijua joto la Mpanda chini ya bati likingoja mvua. Jumamosi mchana wanawake tulikuwa uani, wengine wanachambua mchele, wengine wanamenya ndizi. Neema alikuwa amelala ndani.

Mlio wa kwanza tulidhani mtoto wa jirani katupa jiwe juu ya bati. Mama mmoja akaanza hata kufoka. Mlio wa pili ulifuatwa na sauti ya vioo kumwagika sakafuni, na harufu ya ndizi mbivu ikatoka mpaka uani. Neema akaanza kulia.

Nilikimbia. Mlangoni nikaona kigae cha chupa kimezama kwenye ubao wa mlango wa chumba, kimesimama kama kisu. Chupa nyingine ikapasuka. Kitu kikapita karibu na sikio langu, na Shangazi akanivuta nyuma kwa kanga.

"Dirishani!" Severini alipiga kelele. Akazunguka nyumba, nami nyuma yake. Dirisha lilikuwa na nondo. Tulikuwa tumeziweka wenyewe, kwa kuogopa wezi. Kupitia pazia niliona kitanda na chandarua, mtoto sikumwona. Ndipo kilio kikakatika.

Sijui kama umewahi kungoja sauti ya mtoto wako, mwanangu. Nilizishika zile nondo, nikaita, "Neema! Neema!" Kilichojibu ni chupa.

Tuliporudi mbele, Shangazi alikuwa amekwisha kuingia. Hakuwa mwoga hata kidogo, na hilo ndilo lililomponza. Kwao chungu kikichemka kupita kiasi hukikimbii. Unakiondoa mfuniko kipumue, kinatulia. Alikuwa amechukua chupa ya juu kabisa, ameikumbatia kifuani, na kwa mkono wa kulia anaing'oa kizibo kwa kijiko.

"Niache niipumzishe," alituambia. "Ina hasira tu hii."

Severini alifumbua mdomo amkataze. Hakuwahi.

Sitaeleza nilichokiona. Nitasema tu kwamba Shangazi hakulia. Aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama mkono wa mtu mwingine, akatoka nje mwenyewe, akaketi juu ya kinu.

Lisilobudi hutendwa. Severini alichukua godoro la wageni lililokuwa limeanikwa uani, akalimwagia ndoo ya maji, akalisimamisha mbele yake kama ukuta. Akaingia akitambaa, analisukuma taratibu kuelekea kwenye kreti. Nilisikia chupa zikipasuka upande wa pili wa godoro, mlio mzito, kama mtu anapiga blanketi kwa fimbo. Nilisikia mlango wa ndani ukifunguliwa. Halafu sikusikia kitu, muda ambao mpaka leo siwezi kuupima.

Alitoka anarudi kinyumenyume, mgongo wake umechanika, mtoto kamfunika kwa kifua. Neema alikuwa mzima. Alikuwa macho, ananyonya vidole, anatushangaa. Kumbe alinyamaza kwa sababu aliona vidole vyake vinatosha. Mimi nilikaa chini palepale kwenye vumbi.

Mzee Shabani ndiye aliyetupeleka hospitali kwa gari lake. Njia nzima harufu ya pombe ilikuwa imejaa humo ndani, naye akazidi kukanyaga mafuta. Kreti hakuna aliyezisogelea mpaka zilipomaliza zenyewe. Ubatizo ulifanyika, wageni wakanywa chai.

Mkono wa Shangazi ulishonwa, lakini mishipa ya kidole gumba haikurudi. Hakuweza tena kushika mwiko wa pombe. Watu waliokuwa wakitembea mbali kuja kwenye chungu chake waliacha kuja, mmoja mmoja. Nilipomuuguza nilijaribu kumfariji. Nilimwambia hakuwa anajua.

"Usinidanganye," alinijibu. "Kutokujua si kosa. Mume wako alikuwa amefundishwa, yuko mbele yangu, anataka kusema. Nikamchekesha ili asiseme. Nilikijua chungu, nikadhani nimeijua chupa."

Hayo ndiyo ninayotaka ubaki nayo, mwanangu. Mazoea yana taabu. Maarifa ya mzee ni ya kweli pale yalipozaliwa. Ukiyahamisha, uliza kwanza huko yanakokwenda pakoje. Chungu kina mdomo wazi, chupa haina. Nasi wazee tukikupa neno, tupe heshima yetu, lakini tuulize: hili umelijaribu kwenye kitu kama hiki? Tukikujibu kwa mzaha, uliza tena. Kicheko kimewahi kuziba midomo ya watu wengi waliokuwa na la maana.

Na ikiwa kazi yenyewe ni hii ya pombe ya ngano, basi nakuomba. Usiifunge ikiwa bado inasema. Mapovu yakome. Kisha ionje leo, uionje kesho, uionje tena, mpaka uone utamu umekwisha na haubadiliki. Hiyo sukari ya chupa ipime kwa mkono mchoyo. Tumia chupa nene, ziweke mbali na watu wanapolala. Ukihofu kuwa umeharakisha, usishike hata moja kwa mikono mitupu. Zifunike kwa kitu kizito kilicholowa, toa watu, ungoje. Heri nusu ya shari kuliko shari kamili.

Mungu akujalie mikono mizima na macho mazima. Akupe wakubwa wasioona haya kukuambia "hilo silijui", na akupe nyumba ambayo mtoto akinyamaza ni kwa sababu amelala.

Nimeandika haya wiki hii kwa sababu kijana mmoja aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwangu amejifunza pombe hiyohiyo kwenye simu. Alinipitia Jumatatu, ana furaha, akaniambia ameshafunga chupa zake zote, ziko chini ya kitanda. Nilimuuliza kama mapovu yalikuwa yamekoma. Akacheka, akasema, "Bibi, nyie wazee mna maswali." Jioni yake akapanda treni kwenda Tabora kwenye msiba. Ufunguo amekwenda nao. Upande wa pili wa ukuta wa chumba chake wanalala watoto watatu wa jirani yetu. Nimemwomba mama yao awahamishie kwangu, naye anasema atafikiria. Joto halijapungua. Simu ya kijana tangu jana haipatikani.