Shikamoo kwa Waliolala Chali

Jumapili, saa kumi na dakika ishirini za alasiri, ndipo ilipoanza aibu yangu, na nasema mapema ili mtu asije akanisimulia vingine: ndiyo, ni mimi, Thuwaiba, niliyeingia kwenye darasa la yoga la watu wazima nikampa mkono kila aliyelala, mmoja baada ya mmoja, mpaka bakuli la mwalimu likateremka ngazi peke yake hadi mlango wa barabarani. Chekeni mkimaliza kusoma. Mimi mwenyewe nshacheka, na kila nikimaliza kucheka najiona kama nimebeba kombe.

Kwanza mnijue. Mimi ni yule msichana wa kidato cha tatu anayekaa karibu na dirisha akimwomba Mungu mwalimu asimwone. Si kwamba majibu siyajui, nayajua, lakini nikiitwa tu pumzi zinaniishia, na muhula uliopita niliposimamishwa nisome tangazo mbele ya skuli nzima nilifungua mdomo ikatoka sauti nyembamba kama birika linalochemka, basi tangu siku ile jina langu ni Filimbi. "Filimbi, tupulizie basi!" Hata mwalimu mmoja ameniita hivyo kwa kusahau. Na pale kwetu Kiponda pana baraza ya wazee wanaokunywa kahawa, mimi kwa kuogopa kupita mbele ya macho yale yote huzunguka kwa kichochoro cha nyuma, njia ndefu yenye paka na maji ya kufulia, watu wanadhani nina haraka zangu, kumbe woga tu.

Habari ya yoga aliileta Ma' mdogo Zulekha, mdogo wake mama. Yeye huenda kila Jumapili, darasa la wanawake watupu, ghorofani katika nyumba kongwe huko Mkunazini, kwa Bi Damyanti, mama wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa mjini na ambaye Kiswahili chake kinatushinda sisi. "Pale watu wanafunzwa kuvuta pumzi," akaniambia, "na wewe ugonjwa wako ni pumzi." Tabu ni kuwa Bi Damyanti hapokei watoto wa skuli, anasema wanachekacheka. Ma' mdogo akambembeleza mpaka yule bibi akakubali shingo upande: "Mlete nimtazame siku moja. Akijua kukaa na watu, atabaki. Asipojua, nisimwone tena."

Wallahi nililitaka darasa lile kuliko nguo ya sikukuu. Nilishachoka kuwa birika.

Wosia wa Ma' mdogo ulikuwa mmoja tu: "Pale kuna watu wazima. Uwe na adabu." Sasa mtu aniambie mimi habari ya adabu, mimi niliyelelewa na bibi! Na bibi mwenyewe aliposikia nakwenda penye mkusanyiko wa wanawake akatoa chetezo, akaweka makaa, akaweka udi ule wa kwenye kopo, akanisimamisha juu yake na buibui langu mpaka moshi ukanitokea kwenye mikono. "Mtoto wa kike haendi mbele za watu ananuka jua," alisema. Ma' mdogo akachoka kungoja, akatangulia. Nami nilipotoka, wazee wa barazani walikuwa wamejaa, nikazunguka kwa nyuma. Basi udi ukanichelewesha, woga ukanimalizia.

Nikapanda zile ngazi za mbao (zinalia kila ukikanyaga, nikazipanda kama mwizi), nikafika juu, hapana hata sauti ya kikombe. Nikasukuma mlango. Jamani! Chumba kizima watu wamelala chali, wamejifunika kanga mpaka kidevuni, macho wamefumba, na mbele yao Bi Damyanti amekaa kitako, mgongo umenyooka kama nguzo, naye macho kafumba, ubavuni pake lile bakuli la shaba analoligonga kuanzia darasa. Sikufichini, kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni ni Inna lillahi. Halafu mmoja akajikuna pua, nikashukuru.

Mkeka mtupu ulikuwepo pale pale mlangoni, umetandikwa, unaningoja mimi. Ningekaa tu, na leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini nani aliyemwona mtoto wa watu akiingia penye watu wazima kumi akakaa bila salamu, kama paka? Bibi angenikana.

"Asalaam aleikum," nikasema, kwa filimbi yangu.

Hakuna kanga iliyotikisika.

Salamu isiyoitikiwa mnaijua inavyouma. Nikadhani hawakusikia. Nikavuta pumzi, nikarudia, na mpaka sasa sijui ile sauti ilitoka wapi, maana ilitoka nene, ikagonga boriti, ikarudi: "ASALAAM ALEIKUM!"

Watu wakaruka kwenye mikeka yao. Chini ya kanga moja ikatoka sauti dhaifu, "Waaleikumu salaam" (angefanyaje, maskini? kuitika ni wajibu, umelala hukulala), na ya pili, na ya tatu, mpaka chumba kizima kikaitika, huyu kwa juu, yule kwa chini, kama kuku wanaoamka. Bi Damyanti akafungua jicho moja.

Pengine bado ningeokoka. Lakini niliangalia chini, na aliyelala miguuni pangu ni Bi Rahma, aliyenisomesha darasa la kwanza, macho yake wazi, ananitazama. Mwalimu wako wa darasa la kwanza yuko miguuni pako, utafanyaje? Nikainama, nikauchukua mkono wake, nikaubusu. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akanong'ona. "Kaa chini, mwanangu."

Ningekaa. Lakini jirani yake naye keshafungua jicho, keshaona, na ni mtu mzima kuliko Bi Rahma. Nimpe mkono huyu, huyu nimruke? Nikampa. Na wa tatu. Hapo nilishajua nimepotea, ila nilikuwa kama mtu aliyeanza kushuka mteremko, kusimama ndiyo shida zaidi, nikawa nakwenda, nimeinama, nimeinuka, nakanyaga pembe za mikeka ya watu, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, na kila nikiinama buibui linatema udi, nyuma yangu mmoja akapiga chafya, akamwambukiza wa pili, wa tatu akawa anakohoa kwa adabu ndani ya kanga.

Nikafika kwa Ma' mdogo. Alikuwa ameyabana macho kama mtoto anayetiwa dawa.

"Shikamoo, Ma' mdogo."

Akajibu bila kufungua meno: "Mimi na wewe tumekula pamoja mchana huu! Keti, we mtoto!"

Akabaki mmoja. Mwisho kabisa, karibu na Bi Damyanti, mama mnene aliyekuwa amelala kweli, anakoroma taratibu. (Ni Bi Mwaka, mtu wa Makunduchi, sikumjua bado.) Nikafikiri, na fikra zangu siku ile zilikuwa mbovu: nimwache huyu peke yake, halafu aje asikie wote wameamkiwa isipokuwa yeye? Nikaushika mkono wake.

"Naam!" akapiga ukelele. "Kunaungua nini?"

Akanivuta. Alikuwa na nguvu za mtu aliyezoea kutwanga. Nikaruka juu yake mzimamzima, mguu wangu ukalipata bakuli la shaba, likalia *ngwiiing*, likasimama ubavu, likaanza safari, likapita katikati ya mikeka miwili kama lenye miadi yake, likautafuta mlango ambao mimi, kwa adabu zangu nyingi, sikuufunga. Kisha ngazi. Ngwa! Ngwa! Ngwa! Ngwa! Nyumba zile za zamani ngazi zake haziishi. Tuliisikiliza kila moja. Mpaka chini kabisa mwenye duka akapiga kelele:

"Kulikoni huko juu? Mnahama?"

Nikajiinua. Bi Damyanti keshafungua macho yote mawili.

"Nani aliyemleta huyu?"

Kanga ya Ma' mdogo ikapanda polepole kutoka kidevuni, ikapita puani, ikamfunika kichwa chote.

"Njoo hapa," Bi Damyanti akaniambia. Hakugomba, na afadhali angegomba. "Mkeka wa mwenzako ni kama msala wake. Wewe hupita mbele ya mtu anayesali?"

"La, Bi."

"Leo umepita kwenye misala ya watu wote hawa. Mtu akifumba macho hapa, yuko na pumzi yake, humwiti. Ukichelewa, unakaa nyuma kimya. Na udi ni mzuri, mwanangu, lakini ni wa arusi, hapa watu wanavuta pumzi kwa ndani kabisa." Akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Nilisema nitakutazama siku moja. Nshakutazama."

Nikajua imekwisha. Mtandio nikaubana kinywani ili nisilie mbele yao, nikageuka, safari hii nikizunguka kwa ukutani nisikanyage mkeka wa mtu, na ukutani nako kuna viatu, nikaviangusha. Basi pale mlangoni nikasikia kitu nyuma yangu. Nilidhani mtu analia. Kumbe ni Bi Mwaka anacheka, tumbo limemshika, anapigapiga sakafu.

"We mtoto, usende! We wa nani?"

"Thuwaiba. Mjukuu wa Bi Salma, wa Kiponda."

"Ahaa! Sikilizeni," akawaambia wenzake, "mimi nalala hapa tangu mfungo sita. Huyu aliye mbele yangu nazijua nyayo zake, wa kushoto una kovu. Jina lake ndiyo silijui!"

Mwenye nyayo akageuka. "Mimi Bi Khadija. Na mimi wewe nakujua mkoromo."

Hapo wakaanguka kwa kicheko. Mmoja akauliza kovu la nini, akaambiwa alikatwa na chaza ufukweni kwao, wa pili akasema huo ufukwe anaujua, kaolewa huko dada yake, dada yake nani, fulani, ala! basi sisi ndugu! Watu wamelala ubavu kwa ubavu miezi yote ile, kumbe wawili ni wakwe na hawajui, kwa sababu kila Jumapili wanaingia kimya, wanalala, wanainuka, wanavaa mabuibui wanakwenda zao.

Bi Damyanti aliwatazama tu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kuliko ile ya mwanzo, "Mimi nilidhani nyinyi mmeyakimbia maneno majumbani mwenu. Nilidhani mnataka kimya."

"Kimya tunakitaka, Bi," akajibu Bi Rahma, ameshakaa kitako, kama yuko mbele ya ubao. "Lakini kimya kabla ya salamu hakilali. Mimi kila wiki nalala hapa nawaza, yule pale nimemkosea nini hata hanisemeshi?"

Hakuna aliyecheka. Bi Damyanti akainamisha kichwa, akafikiri.

"Thuwaiba."

"Naam."

"Kaniletee bakuli langu."

Nikateremka mbio na buibui langu la udi. Mwenye duka alikuwa ameliweka ngazi ya chini, yeye mwenyewe kageuza mgongo kwa heshima. "Limenipita kama gurudumu," akasema bila kugeuka. Nikalitazama, lina bonyeo ubavuni. Nikalipandisha nimelikumbatia kama mtoto mchanga, nikalivua lile buibui nikalitundika nje ya mlango, nikaingia, nikamkabidhi.

Akalipapasa lile bonyeo. Akaligonga. Likatoa sauti mpya, ya kukwaruza kidogo, kama mtu aliyetoka kulala.

"Sasa sikilizeni," akasema. "Kuanzia Jumapili ijayo, salamu kwanza, tukiwa tumesimama, kila mtu na mwenzake, mpaka zishe. Kisha mlango unafungwa, na atakayesema neno atanijua. Na salamu ataianzisha huyu hapa, kwa ile sauti yake ya pili. Ile ya kwanza siitaki."

"Kwa hiyo nibaki?" nikauliza, maana nilitaka kuisikia kwa neno lake.

"Utaianzishaje na hupo?"

Ndipo kanga ya Ma' mdogo ikashuka. "Huyu," akawatangazia, "ni mtoto wa dada yangu. Mimi ndiye niliyemleta."

Nikalala kwenye mkeka wangu, ule ule wa mlangoni. Bi Damyanti akasema vuta, nikavuta, shusha, nikashusha, na pumzi ikanijaa mpaka mgongoni, mahali ambapo sikujua kama inafika. Bi Mwaka akaanza kukoroma. Hakuna aliyemwamsha.

Ma' mdogo amenisema njia nzima, lakini alikuwa anacheka. Nami nimeapa mambo mawili: udi nyumbani, na mtu aliyefumba macho simgusi tena hata akiwa nani yangu. Kumsalimu mtu ni adabu, na kujua saa ya kumsalimu ni adabu ya pili, ambayo bibi alisahau kunifunza au alidhani nitaiokota njiani.

Asubuhi ya leo, Jumatatu, bibi alinituma mkate wa boflo kabla ya skuli. Nilitoka, nikafika pale njia inapogawanyika, kichochoro cha nyuma kulia, baraza kushoto. Wazee walishakaa, vikombe mkononi, macho wazi, wote. Nikavuta pumzi mpaka mgongoni, nikapita kushoto, katikati kabisa, na nilipofika mbele yao nikaitoa ile sauti ya pili.

"Asalaam aleikum!"

Kahawa ya mmoja ikamwagika. Wakaitika wote.