Sumaku ya Mjomba

Juzi sokoni Mutomo nilimwona mnunuzi wa vyuma kuukuu akijaribisha sumaku kwenye sufuria. Haikushika, naye akatabasamu. Tabasamu hilo nilikuwa nalijua.

Nilipokuwa mtoto, siku moja Mama alikuwa shambani. Mjomba, kaka yake aliyekuwa mzee wa kanisa, alinipa sumaku nichezee. Ilidaka jembe kwa kishindo, ikadaka panga. Kwenye sufuria kubwa ya kupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, iliyonuka moshi, iliteleza tu, naye Mjomba akatabasamu.

"Unaona, Ndinda? Hii imeharibika. Nitafutie zingine ambazo sumaku inazikataa, nipeleke kwa fundi."

Nilizipima moja moja kama daktari. Sikujua kwamba alumini haishikwi na sumaku hata ikiwa mpya, na kwamba wanunuzi huipenda kuliko chuma. Mjomba alizitia kwenye gunia, akaondoka na baiskeli.

Jioni alirudi mikono mitupu. Mama alipouliza sufuria zake, nikamweleza yote. Mjomba alishika kifua.

"Huyu mtoto amefunzwa uongo na nani?"

Akaniwekea mkono kichwani, akaomba roho ya uongo initoke. Kiganja chake kilinuka masizi ya sufuria zetu.

Mama ndiye aliyeitikia amina, kwa sauti.