Wasiwasi Kwenye Kadi

Miaka ile mitumba ilipoanza kujaa Kibiti, mimi na kaka yangu tulikuwa tunakata boriti za mikoko kule Maparoni. Nikishika shoka tu, miguu inawaka moto, halafu inakufa ganzi, nami nakaa chini kwenye matope. Kaka akasambaza habari kwamba mimi mvivu. Habari ikafika kwa mzee ambaye nilikuwa nimemposa binti yake. Akatuma neno: nimletee cheti cha daktari kabla mpunga haujavunwa, la sivyo atairudisha posa.

Nikaenda Kibiti. Daktari akanipima damu, choo na mkojo, akanigonga magoti. Akaandika kwenye kadi: "Hana ugonjwa."

Kaka aliisoma kadi kwa sauti mbele ya wakataji wenzetu. "Mmesikia? Serikali yenyewe imesema."

Mpunga ukiwa umeanza kuiva, nikarudi tena. Safari hii nilimkuta daktari mwingine, kijana aliyetoka masomoni. Akaisoma ile kadi.

"Zamani tukikosa kitu kwenye vipimo, tulisema huna kitu," akaniambia. "Siku hizi vitabu vyetu vimebadilika. Nataka kujua maumivu haya yanakusumbua kiasi gani."

Nikaitazama miguu yangu.

"Siku nzima," nikasema. "Hata yasipouma, nayangoja."

Akaandika: "Anaumwa kweli. Ana wasiwasi uliozidi kuhusu mwili wake. Atibiwe."

Kaka alinisindikiza kwa yule mzee. Mzee akavaa miwani, akasoma polepole, akarudia.

"Wasiwasi wa mwili. Yaani akichukua udhu haamini kwamba maji yamefika?"

Nikafungua mdomo nimweleze, kaka akaniwahi.

"Huyu?" kaka akasema. "Mzee, huyu hata kuoga..."

"Nyamaza wewe. Babu yangu alikuwa hivihivi. Akianza kuosha mguu, swala inampita. Ndiyo maana miguu inamwaka, anaisugua mno." Akamgeukia mkewe. "Mwambie binti yako ajiandae. Tumepata mcha Mungu."

Tukaoana. Miguu ilipata nafuu kidogo kidogo, maana yule daktari alinitaka nirudi kwake kila mwezi kuzungumza. Lakini nikienda ukweni, mzee husimama kando ya mtungi akinitazama, nami naosha mguu wa kulia mara saba. Mke wangu, niliyemweleza ukweli wiki ya kwanza, hukimbilia jikoni akacheke.