Mwaka Tuliochinja Ndege

Nimefundishwa tangu udogoni kusubiri na kushukuru, na kwa sehemu kubwa ya umri wangu nimejitahidi kufanya yote mawili. Lipo jambo moja ambalo nikilikumbuka hasira hunipanda mpaka leo, na si kifo wala maradhi. Ni nauli. Nililipa mbuzi watatu wazima kwa safari fupi kiasi kwamba chai aliyomiminiwa mtu wakati wa kuondoka ingekuwa bado ya vuguvugu tulipofika.

Waingereza walikuwa wangali wanatawala, nami nilikuwa kijana mwenye mke na watoto wawili, nakaa Temeke katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Kazi yangu ilikuwa mbuzi. Niliwanunua bara, nikawaleta kwa gari moshi, nikawanenepesha nyuma ya nyumba, na kila mwaka kabla ya Iddi ya kuchinja niliwavusha kwenda Unguja. Watu wa kule walikuwa wakiniagizia miezi kabla: huyu anataka beberu mweusi, yule anataka asiye na kasoro hata ya sikio. Kila mbuzi aliyevuka alikuwa na mwenyewe, aliyekwisha kumtilia nia.

Hapo ndipo uzito ulipokuwa. Mbuzi wa kitoweo akichelewa, watu watakula samaki na maisha yataendelea. Mbuzi wa kuchinja ana siku zake: siku ya Iddi baada ya sala, na siku tatu zinazoifuata. Zikishapita, kilichobaki ni nyama tu. Mtu aliyeweka senti zake mwaka mzima kwa ajili ya Mola wake huwezi kumpa nyama tu, ukamwambia samahani.

Mwaka huo Iddi iliangukia Jumapili. Mbuzi wangu thelathini walikuwa wamekwisha kuvuka na wamemaliza siku zao za karantini. Ijumaa, nimetoka msikitini, nikakuta simu ya maandishi kutoka kwa wakala wangu wa Unguja. Imetoka amri mpya: wakala hawezi tena kuwatoa mbuzi, mwenye mali lazima afike mwenyewe, atie sahihi mbele ya daktari wa mifugo, apewe cheti. Ofisi ingefungwa Jumamosi saa saba mchana, na isingefunguliwa tena mpaka Alhamisi. Na meli ilikuwa imeondoka asubuhi ile ile. Nyingine ni Jumatatu.

Nikaenda mjini kwa baiskeli, kwenye ofisi ya kukatia tiketi za ndege. Karani alikuwa mtu mzima nadhifu, mwenye tai.

"Umetumwa na ofisi gani?" akaniuliza.

"Sikutumwa. Nasafiri mwenyewe."

"Barua ya tajiri wako iko wapi?"

"Tajiri ni mimi."

Akacheka, si kwa ubaya, akanitazama kanzu yangu iliyokuwa na mavumbi ya njia ya Temeke. Kisha akanitajia nauli. Nikadhani amesikia nakwenda Bombay.

"Unguja," nikamkumbusha.

"Ndiyo, Unguja."

"Na kurudi?"

"Kurudi ni kama hiyo tena."

Kwa meli nauli ilikuwa haifiki paja la mbuzi. Huku, kwenda peke yake, ilikuwa mbuzi watatu. Nikamwuliza inakuwaje. Akainama karibu na kaunta, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, mie nina mwaka wa pili hapa. Hii bei hajapata kuiuliza mtu. Wanaleta hati ya serikali au ya kampuni, wanatia sahihi, wanakwenda zao."

Mzee aliniita kwa heshima tu, maana alinizidi umri. Lakini maneno yake yaliniingia kama mwiba. Nikaielewa bei ile. Ilikuwa imepangwa na watu wasioitoa mfukoni, kwa ajili ya watu wasioitoa mfukoni. Bwana mkubwa wa serikali anapanda kwa fedha ya kodi, na kodi ya kichwa nimeilipa mimi. Bwana wa kampuni ya katani anapanda kwa jasho la wakata mkonge. Wao wakitajiwa nauli hawashtuki, kwa nini washtuke? Sokoni kwetu, muuzaji akitaja bei ya kijinga mtu humcheka akaondoka, na kesho bei imeshuka. Pale hapakuwa na wa kucheka. Kwa hiyo ilikaa pale juu, imetulia, ikimngoja mtu mwenye haraka na asiye na hati.

Nyumbani nilikuwa nimebakiza mbuzi watatu: majike mawili ya kuzaa, na beberu ambaye sisi wenyewe tulikusudia kumchinja. Sikuwa nimemwekea nadhiri, kwa hiyo kumuuza kulijuzu; nililitazama jambo hilo vizuri kabla sijafanya lolote. Alasiri nikawapeleka wote watatu kwa mchinjaji wa Temeke. Naye aliniona uso, akajua nina haraka, akanipa bei ya mtu mwenye haraka.

Mke wangu aliliangalia zizi tupu. Nilitegemea atalia au atagomba.

"Haya," akasema. "Waislamu wote mwaka huu wanachinja mbuzi. Sie tunachinja ndege."

Alikuwa anatania ili anipoze, na majirani waliosikia walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka.

Jumamosi ilikuwa siku ya Arafa, na nilikuwa nimefunga. Kwenye uwanja wa ndege wa njia ya Pugu walinipandisha kwenye mizani, mimi na mkoba wangu. Sisi hatuuzi mbuzi kwa mizani. Tunamshika mgongo, tunamtazama meno, tunaheshimiana naye. Na mimi nilipimwa kama gunia la nazi, mzungu mmoja akaandika uzito wangu kwa chaki ubaoni, watu wakausoma.

Ndani ya ndege, kiti cha pembeni yangu alikaa tajiri mmoja wa Kihindi, Ithnasheri mwenye duka la nguo mjini, ambaye nilimfahamu kwa sababu kila mwaka hununua kwangu mbuzi wa akika, wa kuchinjiwa wajukuu zake wanaozaliwa.

"Shehe, wewe pia umeingia humu?" akasema. "Biashara ya mbuzi imekuwa nzuri sana."

"Imekuwa mbaya. Ndiyo maana nimo humu."

"Mimi kila mwezi mara mbili. Wakala wa kanga yuko Unguja, mimi nisipokwenda mwenyewe ananichagulia rangi za msiba."

"Na unailipaje nauli hii, mara mbili kwa mwezi?"

"Mimi? Mimi silipi." Akapiga goti langu kidogo. "Naitia ndani ya kanga. Mkeo ana kanga za dukani kwangu?"

"Anazo."

"Basi mkeo kaanza kulipa ndege kabla yako."

Alisema kwa wema, kama mtu anayemfundisha mwenzake kazi, na sikuwa na ugomvi naye, angefanyaje? Lakini niliwafikiria wanawake wa Temeke na Kinondoni wanaonunua doti moja kwa mwaka, na kila doti ina kipande cha kiti kile nilichokikalia. Akapita kijana na sahani ya peremende, za kuzuia masikio yasiume. Moja kila abiria. Hicho ndicho kitu pekee cha kushikika nilichopewa kwa mbuzi wangu watatu, na nilikuwa nimefunga. Sikuwahi hata kuitafakari vizuri bahari, tukaanza kushuka.

Uwanjani Unguja tulipishana na abiria waliokuwa wakingoja kupanda. Mmoja alikuwa mzungu mwenye kaptula nyeupe, kashika raketi ya tenisi kwapani. Alinipisha kwa adabu. Nikamshukuru.

Nilifika karantini kabla ya adhuhuri, zaidi ya saa nzima kabla ya ofisi kufungwa. Mbuzi wangu walinijua kwa sauti. Wote wazima, wote wamepona safari. Msaidizi wa daktari, Mzee wa Kiunguja mwenye miwani iliyofungwa uzi, akanikaribisha benchi.

"Bwana daktari hayupo," akasema. "Ametoka sasa hivi. Kaenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya tenisi. Anarudi Alhamisi."

"Kaenda na nini?"

"Na ndege. Hii hii iliyokuleta, naona. Mtakuwa mmepishana."

"Kwa nauli ya nani?"

Mzee yule alishusha miwani yake akaisafisha kwa kanzu. "Ameandika safari ya kikazi," akasema.

Sitaandika maneno yaliyonijia mdomoni, na namshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimefunga, maana saumu iliyazuia. Nilimwambia tu, "Amri inasema mwenye mali afike. Nimefika. Asiyefika ni yeye."

"Kweli kabisa. Lakini sahihi sina mimi."

Adhuhuri ikaadhiniwa. Mzee akatandika mkeka kando ya zizi, akanitaka nisalishe. Nikasali rakaa mbili, nikatoa salamu. Yeye hakutoa. Aliinuka, akatimiza nne zake, kisha akanigeukia.

"Shehe, umesahau, au umesafiri?"

"Nimesafiri."

"Kutoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Hiyo si safari." Alisema kwa upole, lakini hakuyumba. "Haifiki marhala mbili, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Walimu wetu wamekwisha kuipima. Unatakiwa usali nne."

"Kamwambie hivyo karani wa ndege."

"Mimi simjui karani. Najua marhala. Rudia, na mimi nitarudia pamoja nawe."

Tukarudia. Na katika rakaa ya tatu na ya nne, zile nilizokuwa nimejisamehe, Mungu anisitiri, hasira ilikuwa imenijaa. Sheria ya dini, yenye huruma kuliko sheria zote, inampunguzia msafiri sala kwa sababu ya taabu yake. Nayo imeitazama njia ile na kusema ni fupi, haistahili kupunguziwa kitu. Lakini kwa wenye ndege njia ile ile ni ndefu, inastahili mbuzi watatu.

Baada ya sala Mzee hakuondoka. Alikuwa ni mtu wa kupima mambo, na nadhani sala ile iliyorudiwa ilimfanya aione shida yangu. Akaingia ofisini akatoka na ile amri, imepigwa chapa kwa Kiingereza, akaisoma polepole kwa kidole.

"Hakuna mnyama," akasema, "atakayetoka karantini akiwa hai bila ya cheti." Akarudi nyuma kwa kidole. "Akiwa hai. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mimi nasoma kama ilivyoandikwa. Siongezi, sipunguzi. Waambie wenyewe waje kesho baada ya sala ya Iddi, na visu vyao. Mbuzi hatatoka hai."

Kwa hiyo mwaka ule watu wa Unguja walichinjia mbuzi wao karantini, thelathini, mmoja baada ya mwingine, juu ya sakafu ya saruji iliyooshwa kwa ndoo, na nyama ikatoka getini katika makapu mbele ya macho ya askari ambaye hakuona cha kukataza. Alhamdulillahi. Amana ilifika kwa siku yake. Nashukuru kwa hilo mpaka leo. Lakini nilipokuwa nimesimama pale na kanzu iliyotapakaa damu, ndipo nilipoelewa kwamba hakuna hata sahihi moja niliyotia. Kidole cha Mzee kingeisoma amri ile hata kama ningekuwa nimelala kwangu Temeke. Ilitosha mtu mmoja kusoma vizuri.

Karibu na mwisho alikuja bibi mmoja aliyeagiza mbuzi mdogo kuliko wote. Alisimama mbali, fedha zake kazifunga kwenye ncha ya kanga, hafungui.

"Shikamoo, bibi. Mbuzi wako huyu hapa."

"Marahaba. Wameniambia umekuja kwa ndege."

"Ndiyo."

"Basi mie huyu simwezi tena, mwanangu. Mpe mwenye uwezo."

"Bei ni ile ile tuliyopatana."

"Si vizuri kumwapisha mtu siku ya Iddi," akasema, "lakini niapie."

Nikamwapia kwamba sikuongeza hata senti. Alinitazama sana. Alikuwa ameishi muda mrefu kuliko mimi na aliwafahamu wafanyabiashara.

"Usipoongeza leo," akasema, "utaongeza mwakani."

Tangu jana ndani ya ndege nilikuwa nikiipiga hesabu hiyo hiyo kichwani, senti ngapi juu ya kila mbuzi, na yeye alikuwa ameniona. Akafungua fundo, akanipa fedha, akaniambia nimchinjie kwa niaba yake, mikono yake haina nguvu tena. Nikamlaza mbuzi kuelekea kibla. Nikashika kisu, na ghadhabu ya nauli ile na ya hesabu yangu ilikuwa ingali mkononi. Haifai kumchinja mnyama kwa mkono wenye ghadhabu. Ikanibidi nimshike hivyo hivyo, nangoja, na bibi amesimama juu yangu, mpaka mkono uliponitulia.