Jemadari Aliyekufa Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi na Mbili

Haya nimeyaandika mara mbili kwa daftari na mara mbili nimeyachana, maana kila nikisoma naona kuna mahali nimejipendelea, lakini aibu ni yangu, na heri niieleze mwenyewe kuliko muisikie kutoka Kagio, ambako najua imeshafika na imetiwa chumvi.

Mimi ni fundi wa viatu hapa Ruring'u. Shule niliachia kidato cha pili. Jumamosi mchana nikishafunga kibanda tunakutana nyuma ya saluni ya Muthoni kucheza ule mchezo wa mezani: Muthoni ndiye msimulizi, anatueleza nchi ya kubuni, kila mmoja wetu anakuwa mtu ndani ya nchi hiyo, na tukitaka kufanya jambo gumu tunarusha dadu tujue kama limewezekana. (Mke wangu huuliza nani hushinda. Hakuna anayeshinda. Nimechoka kumweleza.) Waliotengeneza mchezo walitoa pia riwaya za nchi hiyohiyo, na moja niliipata kwa muuza vitabu vya mitumba mjini, inamhusu Jemadari Ovanu. Ilikuwa imechanika nyuma. Muuzaji, lazima niseme ukweli, aliniambia wazi, "Mzee, hii mwisho imetoka kidogo." Nikasema si kitu, nikaenda nayo kibandani, nikalibandika jalada kwa gundi ya viatu, likakaa safi kabisa. Sikunuia kumdanganya mtu. Ni mazoea ya kazi: kitu kikija kimepasuka, hakitoki kwangu kikionyesha kilipopasukia.

Kitabu ni cha Kiingereza, nikakisoma polepole, kamusi kando, tangu mvua ya Aprili hadi baridi ya Julai, kikaniishia ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, Jemadari yuko ndani ya jeneza, pete kidoleni, askari wanalia. Nikaona huo ni mwisho wa heshima, na ile gundi nikaisahau. Basi mezani wakaanza kuniuliza, "Mwalimu, huu mto unaenda wapi?" nami najibu, na kuitwa Mwalimu ukiwa mtu wa kidato cha pili, jamani, ni tamu, siwezi kukana.

Sasa, meza yetu ilikuwa inakufa. Wawili walihama, tukabaki watatu, ndipo Muthoni akaalika wageni: Gachoki na mkewe, wauza nyanya wa Kagio, na Nasieku, mama mmoja anayeuza mbuzi Doldol. Wakipenda mchezo watakuwa wanakuja kila mwezi, wasipopenda basi, saluni ibaki saluni. Hadithi ya siku hiyo Muthoni aliiandaa miezi mitatu. Nililijua hilo.

Hadi saa kumi mambo yalikuwa mazuri. Wageni walikuwa wamesahau hata chai. Muthoni akashusha sauti.

"Mlango inafunguka. Kuna mtu amejifunika blanketi. Anatoa kofia."

"Ni nani?" Gachoki akauliza, ameshika dadu utadhani zitaruka.

"Ni Jemadari Ovanu."

Hapo ndipo ningenyamaza. Badala yake nikainua mkono kama tuko kamati ya kanisa, nikasema, "Samahani msimulizi, huyo alikufa."

"Baba Wangari, wacha tuendelee," Muthoni akaniambia.

"Ni haki tu," nikasema (hilo neno limeniponza maisha yangu yote), "wageni wasije wakafunzwa uongo." Nikatoa kitabu kwa koti, nikasimama, nikasoma jeneza lote kwa Kiingereza changu, kisha nikatafsiri, na kwa vile walikuwa wamenyamaza nikadhani nimewagusa.

"Ati maiti imebisha mlango?" Gachoki akaangua kicheko. "Na imetoa kofia! Hii maiti iko na adabu kushinda shemeji zangu!"

Nasieku akanyoosha mkono. "Hebu nione, mzee." Mtu wa mbuzi hanunui kabla hajafungua mdomo wa mbuzi akaangalia meno. Alikipindua, akapitisha kidole pale nilipobandika, akanusa. "Hii ni gundi ya kiatu. Yako inaisha wapi?"

"Mia mbili na kumi na mbili."

"Yangu, ile iko nyumbani, iko na mia mbili na arobaini." Hakusema kwa ubaya. "Huyo wa kwa jeneza ni mlinzi wake, walimvalisha pete. Jemadari alitorokea milimani."

Muthoni akafunga daftari lake. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake, wageni waitafute wenyewe kidogo kidogo hadi jioni, na sasa imetoka kwa pumzi moja, na aliyeifukua ni mimi. Nasieku akaziba mdomo. "Woi, pole. Kumbe ndiyo ulikuwa umeficha?"

"Ndiyo hiyo." Muthoni hakupaza sauti, ningependa angepaza. "Na Baba Wangari, hata kama riwaya ingesema amezikwa na simiti ikamwagwa, kwa hii meza angekuwa hai nikitaka. Riwaya ni vile watu wa hiyo nchi wanasemanga. Inatupatia mito na majina. Haitupatii amri."

Niliomba msamaha. Tukamaliza mchezo hivyo hivyo, dadu zinarushwa kama watu wanaosuuza vikombe vya matanga. Wageni wakaaga, wakasema "tutaambiana," na sote tunaijua hiyo tutaambiana. Nikaenda nyumbani miguu inaniuma kama nimetoka kulima.

Wiki mbili baadaye Muthoni akanipigia. Wanarudi. Walichouliza ni kimoja: yule mzee wa kitabu atakuwepo? Basi ameongeza mtu mpya katika nchi ile, mzee wa historia anayeheshimiwa sokoni, anayejua kila kitu, ila akifika mahali fulani husita katikati ya neno kwa sababu kitabu chake kiliishia hapo. "Na utamcheza wewe," akasema. Haikuwa swali.

Sasa ni miezi minne nikimcheza. Meza imejaa. Nikianza tu kueleza jambo, Gachoki anaita, "Mia mbili na kumi na mbili!" nami lazima ninyamaze hapo hapo, ndiyo sheria.

Kitabu changu nimekiandika juu kwa kalamu nene: MWISHO HAUPO. Sitabandika tena kitu nisichojua kimepungukiwa na nini. Nasieku aliniazima chake, zile kurasa ishirini na nane nimezisoma mara tatu, na yaliyomo sijamwambia mtu hata mmoja, hata mke wangu, ambaye, kusema haki, hajauliza.