Mama Laini na Tone Lililoishia Shavuni

Tok, tok, tok. Bado hakujapambazuka, na sauti ndogo inatoka chumba cha pili: kichupa cha plastiki kinagongwa ukingoni mwa meza. Jikoni, mwanamke anayekoroga chai anaisikia, na mabega yanamshuka. Mama yake anatia dawa ya macho.

"Nikisikia ile tok tok, moyo unatulia," anamwambia mgeni aliyekuja kuandika habari zake, akifunika sufuria. "Najua amekumbuka."

Mwanamke huyu ni karani wa maktaba katika hospitali ya macho. Kazini wanamwita Mama Laini, maana kila Alhamisi asubuhi, kabla vyumba vya upasuaji havijafunguliwa, yeye ndiye huwaunganisha kwa simu madaktari wa macho wa nchi nzima. Nchi nzima ni neno kubwa. Wote pamoja hawajazi basi moja, na wengine wako peke yao wilayani, mwendo wa siku nzima kutoka kwa daktari mwenzao wa karibu.

"Mtu wa peke yake anagundua kitu kwa wagonjwa wake, anakiandika, anakifungia kabatini," anaeleza. "Mwenzake wa wilaya nyingine anahangaika na kitu hicho hicho. Ndiyo maana tukaanzisha laini."

Chumba cha laini kiko nyuma ya rafu za vitabu. Kina meza, simu yenye spika, feni inayolalamika na pazia zito la kuzuia kelele. Mfagizi wa korido huanzia upande wa mbali siku ya Alhamisi, bila kuambiwa na mtu. Mama Laini naye humwekea kikombe cha chai dirishani, bila kuombwa.

Laini ina sheria mbili. Anayezungumza alete alichokiona kwa wagonjwa wake mwenyewe, si alichosoma kwenye vitabu vya mbali. Na akimaliza, lazima ataje jambo moja asilolijua, ili wenzake wamsaidie kulitafuta. Jambo hilo wanaliita "sijui".

Alhamisi hii zamu ni ya daktari mmoja wanayemtania kwa jina la Mwisho wa Lami, kwa kuwa barabara ya lami inakomea kwenye geti la hospitali yake.

"Nina kitu kidogo," anaanza, sauti ikikatikakatika. "Naona hata aibu kukileta."

"Kilete hivyo hivyo," anajibu daktari mkongwe anayeongoza kikao. "Vikubwa vimeshatushinda."

Wanacheka, kisha wanamsikiliza.

Mwisho wa Lami anasimulia kwamba wazee wake wengi wenye presha ya macho hawapati nafuu. Alikuwa akiwabadilishia dawa, akiwaongezea, wapi.

"Kila siku nawauliza, unatia dawa? Wanasema, natia. Na hawadanganyi. Siku moja nikamwambia mzee mmoja, hebu tia nikuone. Akatia. Tone likateremka shavuni, akajifuta, akanishukuru."

Tangu hapo amekuwa akimwomba kila mgonjwa atie dawa mbele yake. Karibu nusu yao, tone huishia shavuni au kwenye kope. Mikono inatetemeka, kichupa kigumu, shingo haipindi. Sasa anawafundisha kulala chali, kufumba jicho, kudondosha tone kwenye kona iliyo karibu na pua, kisha kufumbua lijiingilie lenyewe.

"Sijui yangu ni hii," anamalizia. "Sijui kama ni wazee wangu tu. Waangalieni wa kwenu, mniambie."

Mkono wa Mama Laini umesimama juu ya kitufe cha sauti.

Jicho la kushoto la mama yake lilishazimika. La kulia linafifia, na kliniki iliyopita presha ilikuwa bado juu. Daktari wake alisema isiposhuka kufikia kliniki ijayo, itabidi wamfanyie upasuaji. Mama alikataa papo hapo: "Hili moja lililobaki haligusi mtu kwa kisu."

"Nilikuwa naangalia simu, naona kichupa cha mama," anakumbuka. "Kumbe mimi nilikuwa nasikia kikigongwa tu. Sijawahi hata siku moja kuingia kutazama."

Jioni anamkuta mama yake kibarazani, anachambua mchele kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na hapendi kushikwa mkono.

"Mama, naomba nikuone ukitia dawa."

"Kwani nimekuwa mtoto mchanga?"

"Si wewe tu. Daktari ametuomba tuwaangalie wagonjwa."

"Ametuomba akina nani? Wewe umekuwa daktari lini?"

"Leo asubuhi."

Bibi huyo anacheka, na akishacheka huwa hana ugomvi tena. Anachukua kichupa. Tok, tok, tok. Anainua uso mpaka shingo inapogoma, anakiminya. Tone linaanguka chini ya jicho, linafuata kunjo la shavu. Analifuta kwa pindo la nguo.

"Umeona? Tayari."

Binti anamshika begani. "Twende ukalale kidogo, mama. Kichupa shika mwenyewe."

Kitandani anamwelekeza neno kwa neno, mikono yake mwenyewe ameikunja mapajani. Fumba. Hapo kwenye kona ya pua. Haya, fumbua.

Bibi anapepesa.

"Lo," anasema. "Kumbe hii dawa ina baridi?"

Ameitumia zaidi ya mwaka.

Alhamisi iliyofuata daktari mkongwe aliuliza nani amewaangalia wagonjwa wake. Walijibu kadhaa, na habari zilifanana. Kisha Mama Laini, ambaye miaka yote kazi yake ilikuwa kusema "tunakusikia, endelea", akasogea kwenye simu.

"Mimi ninaye mmoja. Nyumbani kwangu."

"Huyo tunamhesabu," alisema Mwisho wa Lami. "Na sijui yako?"

"Sijui kama jicho litakuwa limetusubiri."

Kliniki ilipofika, presha ilikuwa imeshuka. Daktari alimweleza bibi wazi kwamba kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kukaa. Kisu kimewekwa kando, na kila kliniki watapima tena.

Mama Laini sasa anawaomba wakubwa wake wawaruhusu wauguzi wa zahanati kuingia kwenye laini. "Wao ndio wanaoshinda na wazee," anasema. "Nataka na wao walete sijui zao."

Alfajiri bado anasikiliza akiwa jikoni. Ila siku hizi, baada ya tok tok, husubiri kitanda kilie mama akilala chali, ndipo amimine chai.

Mgeni anapoaga, bibi anamvuta karibu na dirisha, anamgeuza uso upande wa mwanga na kumtazama bila haraka.

"Haya, sura yako nimeishika," anasema. "Mwakani uje tena, mwanangu. Nataka nione kama umenenepa."